Ngoma Yenye Mtoto Ndani: Jibu kwa Mwandishi wa Riwaya ya Watu Waliogeuzwa Mashine

Swali. Mwalimu mmoja wa sekondari wa hapa Dodoma, anayeandika riwaya yake ya kwanza ya mambo ya ajabu, ameniuliza hivi: "Katika riwaya yangu, mtemi wa nchi yenye ukame anawakamata wachungaji pamoja na ng'ombe wao, kisha anamwamuru mhunzi wake awaunganishe na mitambo ya kuvuta maji ardhini. Mhusika mkuu, kijana Masinga, anafanywa kuwa sehemu ya pampu ya kisima cha kijiji chake mwenyewe. Wenzangu waliosoma rasimu wamesema kwamba tukio la kugeuzwa linachukiza lakini halitishi, na mmoja wao ameniambia kuwa mambo haya ni ya filamu za Kizungu, hayana mizizi kwetu. Je, ni kweli? Nifanye nini ili msomaji aguswe? Na je, ni halali Masinga arudi kuwa mtu mwishoni?"

Jibu. Ndugu mwalimu, nimesoma swali lako pamoja na sura tatu ulizoambatanisha, na nitaanza na hilo la mizizi, kwa sababu mwenzako amekosea, na kosa lake ukiliamini litakuharibia kazi yote.

Nilipokuwa mtoto kule Mpwapwa, bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za wasichana waliokwenda mtoni kuoga, mmoja wao akasahau shanga zake juu ya jiwe. Watu wa pwani husimulia kuwa kilichosahaulika ni kombe zuri la baharini, lakini ngano ni ile ile. Wenzake walikataa kumsindikiza, akarudi peke yake, akalikuta zimwi limekaa juu ya lile jiwe. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawamba ngozi juu yake, likaanza kuzunguka kijiji hata kijiji likitangaza kwamba lina ngoma inayoimba yenyewe. Watu wakachinja mbuzi, zimwi likapiga, mtoto akaimba mle ndani, watu wakacheza mpaka vumbi likatimka, zimwi likala nyama, na mtoto hakupata hata mfupa. Mwisho likafika kijijini kwao yule mtoto, likapiga ngoma, na mama yake aliyekuwa amesimama nyuma ya watu akaitambua sauti. Bibi akifika hapo alikuwa akinyamaza kidogo. Nakumbuka kwamba sisi watoto hatukuyaogopa meno ya zimwi hata siku moja. Tuliogopa muda ule ambao watu wote wanacheza na hakuna anayejua kuwa ndani ya ngoma kuna mtu.

Tazama kwa makini kilichomo katika ngano hiyo. Mtoto hakukatwa kiungo wala hakushonwa kwa waya, lakini ametiwa ndani ya kifaa, pumzi yake imekuwa nguvu ya kukiendesha, kazi yake inamfaidi mwingine, na wanaomzunguka wanakiona kifaa tu, hawamwoni yeye. Hilo ndilo jambo unaloliandika wewe. Ukiongeza bomba la chuma na magurudumu yenye meno umebadilisha mapambo, na kiini chake kimebaki pale pale.

Wala ngano hiyo haiko peke yake. Kila msomaji wako, awe wa Kondoa au wa Kigoma, amewahi kusikia habari za msukule: mtu anayesadikiwa kuwa amechukuliwa kichawi, jamaa zake wakazika kitu kingine wakidhani wamemzika yeye, naye yuko mahali fulani analima usiku shamba la mtu, hasemi, hajijui. Wakati wa ukoloni ilienea hofu ya mumiani, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walisadiki kuwa wazimamoto na magari yao mekundu walikuwa wakikamata watu ili kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, akionyesha jinsi watu walivyoutumia kuzungumzia kazi, dola na miili yao wenyewe. Halafu kuna neno manamba, walivyoitwa vibarua waliosafirishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge, kila mmoja akiwa na namba yake. Manamba si hadithi ya kubuni. Ni babu zetu, na jina lenyewe linakueleza kwamba mtu alifika shambani akiwa na jina, akapewa tarakimu.

Hata huko anakokutaja mwenzako, mambo yalianza kwa njia hiyo hiyo. Neno roboti lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, nalo limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti, ile ambayo mkulima alimfanyia bwana wa ardhi bila malipo. Roboti wa tamthilia ile hawakuwa wa chuma. Walikuwa na miili laini iliyotengenezwa kiwandani, na kilichowafanya wawe roboti ni kutumikishwa. Kwa hiyo Mcheki na mwana wa Ugogo wamekutana mahali pamoja bila kuulizana njia. Hofu hii haitoki kwenye chuma. Inatoka kwenye kumtumia kiumbe mwenye kuhisi kana kwamba hahisi, huku yeye mwenyewe, mle ndani, akijua.

Naomba hapa nikuonye jambo moja kwa uzito wake. Nchi yetu imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na watu wenye ualbino wakishambuliwa kwa sababu ya imani potofu juu ya viungo vyao. Ukitumia msukule au mumiani kama chemchemi ya riwaya, liweke tendo mikononi mwa mwenye mamlaka, kama ulivyofanya kwa mtemi na mhunzi wake, na usimpe lawama yule bibi mwenye macho mekundu anayekaa pembezoni mwa kijiji katika sura yako ya kwanza. Mtoe kabisa, au mfanye awe wa kwanza kuujua ukweli.

Sasa nije kwenye rasimu. Tukio la kugeuzwa umelipa kurasa kumi na moja, na ndani yake kuna msumeno, risasi iliyoyeyushwa, damu na mayowe. Wenzako wamesema kweli: linachukiza. Kuchukizwa ni jambo la mwili, msomaji hukunja uso kisha akafungua ukurasa unaofuata. Kutishwa ni jambo la kutambua, nalo huja baadaye, pale mtu anapoelewa nani yuko ndani ya ngoma. Kurasa kumi na moja zifanye ziwe moja na nusu. Mwache Masinga aone mivukuto ya mhunzi, ile mifuko ya ngozi ya mbuzi inayovuta na kutoa hewa, na wazo limpitie kwamba mbuzi yule bado anapumua. Kisha mlango ufungwe, na sura inayofuata ianzie kisimani asubuhi, foleni ya ndoo ikiwa imeshapangwa.

Pale kisimani ndipo lugha yenyewe itakapokusaidia kuliko ufundi wowote ninaoweza kukufundisha. Kiswahili kina ngeli, na ngeli zake humtambua kiumbe hai hata pale umbo la neno linapomkana. Tunasema kijana amefika, kiongozi ameondoka, kipofu amekaa. Jina limeanza kwa ki- lakini kitenzi kinamrudishia mtu utu wake. Zimwi, kwa upande wake, wazee walipenda kulipa li-, ndiyo maana tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi mwenye kumiliki pampu atasemaje juu ya Masinga? Jaribu hivi:

"Kinavuja," alisema msimamizi, akakigusa kwa ncha ya fimbo pale chini ya jicho. "Kipakeni mafuta. Kesho kitafanya kazi usiku na mchana."

Mwanamke mmoja aliweka ndoo yake chini. Alitazama kwa muda mrefu.

"Analia," alisema.

Mistari hiyo nimeiandika haraka nawe utaandika mizuri zaidi, lakini ona kazi inayofanywa na herufi chache. Msimamizi hakusema neno la ukatili. Amebadilisha kiambishi tu. Yule mwanamke, mama yake Masinga, naye hakuhutubia. Amemrudisha mwanawe katika jamii ya watu kwa silabi moja. Msomaji wa Kiswahili atalisikia jambo hilo masikioni kabla hajalifikiri.

Nenda nalo mbali zaidi. Baada ya tukio la kisimani, acha Masinga asimulie mwenyewe katika nafsi ya kwanza. Mwanzoni mwache aseme nimechoka, naona jua, nasikia ng'ombe. Siku zinavyopita, wakati kila anayemkaribia anasema kimekwama, kifungueni, kifungeni, itafika asubuhi moja ambayo atafikiri kimechoka, asishtuke. Usimweleze msomaji kilichotokea. Acha sentensi ipite kama nyingine. Hapo ndipo atakapofunga kitabu kidogo na kupumua, na hakutakuwa na tone la damu kwenye ukurasa.

Kwa sababu hiyo hiyo, rekebisha sentensi uliyoifungulia sura ya pili: "Masinga aligeuka kuwa mashine." Kugeuka ni jambo la mtu mwenyewe, kama maziwa yanavyoganda bila kuulizwa nani kayagandisha. Andika aligeuzwa, na mara nyingi uwezavyo mtaje aliyegeuza. Wenye mamlaka hupenda vitenzi visivyo na mtenda. Waachie wao vitenzi hivyo katika mazungumzo yao, wewe msimulizi usiwafuate.

Kuna kosa jingine katika sura ya kwanza ambalo ni la muundo. Umesema kuwa Masinga aliwahi kuiba mbuzi wa mtemi. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, anasimulia habari za ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani na jini, na ndugu yao waliyemtendea ubaya akalazimika kuwapiga kila usiku. Kule kugeuzwa ni adhabu, na msomaji hutafuta hatia: walifanya nini? Katika riwaya yako kugeuzwa ni matumizi, na swali linalopaswa kumsumbua msomaji ni la upande wa pili: nani anafaidika? Ukimpa Masinga wizi mdogo, unampa msomaji mahali pa kujificha, maana atajiambia kwamba kijana alijitakia. Mrudishie mtemi mbuzi wake.

Ng'ombe wameniuma kuliko nilivyotarajia, na ninasikitika kwamba umewapa aya mbili tu. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba mchungaji humjua kila ng'ombe kwa rangi yake, kwa pembe, kwa mwendo, na kwa alama ya sikio, na kwamba wengine huitwa kwa majina wakaitika. Mtu atakuuliza: ng'ombe si anakokota jembe tangu zamani, tofauti iko wapi? Jibu lake unaweza kulionyesha bila kulisema. Maksai anayelima hufunguliwa nira jioni, akarudi zizini, akalala akicheua. Ng'ombe aliyefungwa kwenye mtambo wa mtemi anacheua bila kuwa na kitu kinywani, taya zinakwenda kwa mazoea, na jua likizama hakuna anayekuja kumfungua. Masinga anamtambua kwa sikio lililokatwa. Tukio hilo peke yake lina uzito wa kurasa tano, na kwa kuwa mnyama hawezi kutetewa kwa hoja ya hiari kama mtu, msomaji wako atalazimika kufikiri upya juu ya maana ya kumiliki kiumbe.

Mahali napo pafanye kazi. Umeandika "jangwa", neno ambalo lingeweza kuwa popote duniani. Dodoma si jangwa; ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na baada ya hapo anga hufungwa kwa miezi. Chuma kilichoachwa juani saa nane mchana hapa hakishikiki kwa mkono, na alfajiri ya Julai, upepo unapovuma kutoka kusini-mashariki, chuma hicho hicho hung'ata vidole kwa baridi. Sasa fikiri juu ya bega ambalo nusu yake ni chuma na nusu ni nyama, mahali pale zinapokutana, mara mbili kila siku. Fikiri pia juu ya maji ya visima vyetu vingi yalivyo na chumvi: yanaacha ukungu mweupe kwenye sufuria, na yanakula bomba. Masinga ataota kutu. Mhunzi atakuja na kipande cha msasa, atausugua mpaka wa nyama na chuma huku akipiga mluzi, akifikiria chakula cha mchana.

Ukitaka kumbukumbu ya chuma kilichokuja katika ardhi hii kikiwa na ndoto kubwa, Kongwa iko karibu. Katika mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, baadhi ya vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti, na ardhi ya Kongwa, ambayo hukauka ikawa ngumu kama tofali mvua zikikatika, ikazishinda mashine nyingi. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Kwa riwaya yako, jambo la kuchukua hapo ni kwamba ardhi ilikataa chuma kitupu. Hiyo ni sababu madhubuti kuliko uliyompa mtemi, kwamba "ni mkatili". Mitambo yake ya kwanza ilikufa, kwa kuwa mashine haiwezi kuhisi udongo unapobadilika chini yake, na ndipo mhunzi akamnong'oneza kwamba kinachokosekana ni kitu chenye kuhisi. Mtemi anayewaza hivyo ana hoja, na mtu mwenye hoja anatisha.

Lakini usije ukakifanya chuma chenyewe kuwa uovu. Wako wasomaji wako watakaoshika kitabu kwa mkono wa bandia, watakaokisoma wakiwa kwenye kiti cha magurudumu, au wenye kifaa kifuani kinachosaidia moyo kupiga. Neno saibogi, analoitwa kiumbe aliyechanganywa na mashine, lilibuniwa mwaka 1960 na wanasayansi wawili, Manfred Clynes na Nathan Kline, nao walikuwa wakifikiria msafiri wa anga za juu ambaye mwili wake umesaidiwa ili awe huru zaidi huko aendako. Mguu wa bandia una mwenyewe. Huuvaa asubuhi, huuvua usiku, huulalamikia ukimchubua. Pampu ya Masinga haina mwenyewe ambaye ni Masinga. Ningependa uweke kijijini mtu mmoja, mzee labda, anayetembea kwa mguu wa mbao aliojichongea, na awe yeye anayeielewa tofauti hiyo bila kufundishwa na mtu.

Nimeacha kwa makusudi jambo lililo kubwa kuliko yote katika rasimu yako, nalo ni sentensi moja uliyoipita haraka katika sura ya tatu: "Kijiji kizima kilikunywa maji yale." Mwalimu, simama hapo. Mama aliyetambua kilio anabeba ndoo. Nyumbani ana watoto wengine watatu. Mahindi yamenyauka. Akimtoa mwanawe kisimani, maji yanakatika, na watoto wa jirani watakuwa wa kwanza kuugua. Asipomtoa, atakunywa pumzi yake kila siku. Katika ngano ya ngoma watu walicheza bila kujua; katika riwaya yako wanajua, mmoja baada ya mwingine, na kila anayejua anaendelea kupanga ndoo kwenye foleni. Nionyeshe mtu anayeacha kutazama upande wa pampu. Nionyeshe mwingine anayewafundisha watoto kusema "ile". Nionyeshe anayeleta maziwa usiku, anayamimina mdomoni mwa Masinga, kisha asubuhi anakinga maji kama wengine. Hapo ndipo penye riwaya, na kurasa tisa na nusu utakazopunguza kwa mhunzi zitapata kazi hapo.

Kuhusu kurudi: ni halali, kwa masharti. Msukule anayesemekana kurudi nyumbani katika masimulizi yetu harudi mzima. Haongei, anaogopa mwanga, jamaa wanampa chakula naye anakitazama. Wasimulizi hao wanajua jambo ambalo sura yako ya mwisho, kwa muhtasari ulionitumia, inalisahau, pale mganga anapotamka neno na chuma chote kikaanguka kama maganda ya karanga. Uliondoa mapafu yake katika sura ya pili. Yako wapi? Kama mhunzi ameyatupa, Masinga hawezi kuishi nje ya mtambo, na kurudi kwake kunapaswa kuwa kurudi kwa namna nyingine: jina lake litamkwe, kazi yake ipungue, apate jioni. Kama mhunzi ameyahifadhi, eleza kwa nini, na umpe mhunzi hiyo dhamiri mapema, tangu mluzi wake wa kwanza. Mimi ningechagua njia ya kwanza, ingawa najua ni ngumu kwako, kwa kuwa inaonekana katika kila mstari kwamba unampenda kijana huyu.

Tena, kumbuka mwisho wa ile ngano. Wazazi walimtoa mtoto wakati zimwi limelala, lakini hawakuiacha ngoma tupu. Waliijaza nyuki na nyoka, wakaiwamba tena, wakalirudishia mwenyewe. Pampu yako nayo haiwezi kubaki tupu, maana kiu iko pale pale. Nani ataingia mahali pa Masinga, au nini? Mikono ya kijiji kizima kwa zamu, usiku na mchana, huku maji yakitoka nusu ya yalivyokuwa yakitoka? Mtemi mwenyewe? Sitakuchagulia, kwa sababu jibu hilo litaamua umeandika kitabu cha aina gani, ila usiimalize sura ya mwisho kabla hujalipata. Nitumie kwanza tukio la kisimani, lile la asubuhi ya kwanza, likiwa na foleni, msimamizi, mama na ndoo yake. Lisizidi kurasa sita, na jina la Masinga lisitajwe mpaka mama alitaje.